Shangazi, mume wangu anataka nile naye uyoga

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili na ndoa yetu imeshapita miaka kumi. Naomba jina langu lisitajwe, kwa sababu ndugu wa mume wangu hawajui chochote kuhusu haya.

Mume wangu alifiwa na mama yake, akanyamaza. Sisemi alihuzunika, maana huzuni ningeielewa. Alinyamaza. Alikuwa anarudi kazini, anakula, anaoga, anakaa mbele ya televisheni iliyozimwa sauti mpaka usiku mkubwa. Nikimgusa bega ananiambia, "Nimechoka tu." Nilimwomba tukaonane na mshauri, akakataa. Nilimwomba aende peke yake, akakataa. Mwisho nikaacha kuomba.

Kisha rafiki yake wa zamani, mtu anayependa sana misitu, akampa uyoga ule wa maruweruwe. Mimi sikuambiwa. Nilichoona ni kwamba Jumapili moja nilimkuta jikoni anaosha vyombo huku machozi yanamtiririka, na bila kuulizwa akaanza kunisimulia siku mama yake alipofariki: kwamba alikuwa ametoka nje ya wodi kupokea simu ya kazini, na aliporudi mama alikuwa ameshakata roho. Hakuwahi kunieleza hilo. Akaniomba radhi kwa jinsi alivyokuwa ameniacha mpweke ndani ya nyumba. Tangu hapo amekuwa mtu mwingine, anacheka na watoto, ananiuliza nimeshindaje na anasubiri jibu. Aliponiambia baadaye kwamba ni uyoga, nilikasirika, halafu nikaionea aibu hasira yangu, kwa sababu nilichokuwa nakiombea kilikuwa kimekuja.

Sasa anaula mara kwa mara. Ana chupa yake ya uyoga uliokaushwa na daftari anamoandika anachokiona. Rafiki yake amemfundisha kuokota mwenyewe. Anasema ule wa mwanzo ameuzoea, anataka ule unaoota kwenye vibanzi vya mbao, ambao eti ni uleule ila una nguvu zaidi. Vilevile amekausha ule mwekundu wenye madoa meupe. Nikimuuliza tofauti ananijibu, "Uyoga ni uyoga, wote unafungua mlango mmoja."

Anataka siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu tuwapeleke watoto kwa bibi yao, tule pamoja. Anasema anataka na mimi nione alichokiona. Shida ni kwamba mimi natumia sertralini, dawa ya sonona, tangu nilipojifungua mtoto wa pili. Yeye amesoma kwamba dawa hiyo inapunguza nguvu ya uyoga, kwa hiyo ananiambia niiache wiki mbili kabla. Halafu kuna kaka yangu. Nikiwa sekondari alianza kusikia sauti, akalazwa, na mpaka leo yuko kwenye matibabu. Mume wangu analijua hilo, anasema, "Wewe si kaka yako."

Juzi alimwaga alichookota juu ya gazeti mezani. Mwingi ulikuwa wa kahawia, kofia zake zina kingo za mawimbimawimbi, na kila alipoubonyeza kwa kidole palikuwa pamegeuka bluu kama mtu kamwagia wino. Katikati nikaona viwili vidogo, havina bluu kabisa, vina kipete chembamba kwenye shina. Nikamwonyesha. Akacheka, akasema hivyo havijakomaa.

Shangazi, nikikataa naona kama namfukuza mtu aliyerudi nyumbani baada ya safari ndefu. Nikikubali, naogopa. Na kuna usiku ninapojiuliza kama kweli ninaogopa au nina wivu tu, kwa kuwa alichoshindwa kuniambia mimi alikwenda kuuambia uyoga. Nifanyeje?

Mke aliye njia panda

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Mumeo amefufuka kutoka kwenye ukimya uliokuwa unawamaliza wote wawili, na kilichomfufua ni kitu unachokiogopa. Sasa anakualika ndani, na mwaliko wenyewe una masharti: uache dawa yako, umsahau kaka yako, uamini macho yake anapookota. Wewe umeuliza kama ule au usile. Hilo tutalifikia, ila kwanza kuna jambo haliwezi kungoja siku ya kumbukumbu.

Vile viwili vyenye kipete. Siwezi kutambua uyoga kwa maelezo ya barua, na usimwamini anayedai anaweza. Lakini aina uliyoieleza, ya kahawia yenye kingo za mawimbi inayoota kwenye vibanzi, inafanana na Psilocybe cyanescens, na kwenye vibanzi hivyohivyo huota uyoga mdogo wa kahawia uitwao Galerina marginata, wenye pete nyembamba shinani. Mara nyingine huota umekaribiana na mwenzake kiasi cha kuchumwa kwa mkono mmoja. Huu wa pili una amatoksini, sumu ileile iliyomo kwenye Amanita phalloides, uyoga unaoua watu wengi kuliko mwingine wowote duniani. Sumu hiyo inazizuia seli za ini kutengeneza protini, na haiondoki kwa kupikwa wala kukaushwa.

Ubaya wake mkubwa ni kuchelewa. Mtu anakula, saa sita au kumi na mbili zinapita, pengine siku nzima, ndipo anaanza kutapika na kuharisha. Kisha anapata nafuu, anasema yameisha, anarudi kazini, kumbe ini ndio linaharibika. Kwa hiyo mtu yeyote nyumbani kwenu akianza kutapika saa nyingi baada ya kula uyoga wa kuokota, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo hata akisema amepona, na mbebe mabaki ya uyoga wenyewe. Na hilo gazeti lenye mavuno, hata kama mumeo ana uhakika wote wa dunia, mimi nisingetaka likae kwenye nyumba yenye watoto.

Mumeo ataniambia kwamba wake una bluu. Bluu hiyo hutokea psilosini, kemikali ya maruweruwe, inapokutana na hewa pale uyoga ulipochubuka, chembe zake zikaungana na kuwa rangi. Watafiti wa Jena, Ujerumani, ndio waliofumbua jinsi inavyotokea, miaka michache tu iliyopita. Kwa hiyo ana haki kuiona kama dalili. Lakini dalili hiyo inahusu uyoga uliobonyezwa peke yake, haisemi lolote kuhusu ulioota pembeni yake. Tena upo uyoga mwingine unaogeuka bluu kwa kemikali tofauti kabisa, na baadhi yake una sumu.

Sasa niguse kauli yake ya "uyoga ni uyoga", maana naona ndiyo iliyobeba mzigo wote wa mpango huu.

Ule aliouanza, ninavyodhani, ni wa jamii ya Psilocybe. Wenyeji wa Meksiko waliujua kwa karne nyingi. Mwaka 1958 mkemia Albert Hofmann, kule Uswisi, akafanikiwa kutenga kiini chake na kukiita psilosibini. Psilosibini yenyewe haifanyi kazi mpaka mwili uivue kipande chake cha fosfati, ibaki psilosini. Psilosini inafanana kwa umbo na serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, nayo hukamata kipokezi kiitwacho 5-HT2A, yaani sehemu ya seli ya ubongo ambapo serotonini hujishika. Hapo ndipo rangi zinaanza kupumua, muda unanyooka kama mpira, na mambo ambayo mtu aliyafungia yanaibuka bila kubisha hodi. Kwa kawaida huanza ndani ya saa moja na kudumu saa nne hadi sita.

Lakini hata ndani ya jamii hiyo moja viwango havilingani. Psilocybe cubensis, unaopandwa zaidi, kwa kawaida hauvuki sana asilimia moja ya psilosibini kwa uzito mkavu. Psilocybe azurescens, mmoja wa wanaopenda mbao, umewahi kupimwa ukakutwa na asilimia 1.78. Uyoga miwili iliyoota bega kwa bega inaweza kutofautiana mara kadhaa. Kisha zimo kemikali ndugu, kama beosistini na norbeosistini, zilizogunduliwa mwaka 1968, ambazo kazi yake kwa binadamu bado inachunguzwa. Kwa hiyo "uleule ila una nguvu zaidi" ni maneno mepesi mno. Na hawa wa kwenye mbao wana tabia yao: baadhi ya wanaoula hupatwa na udhaifu wa misuli, miguu ikakataa kuwabeba kwa saa kadhaa, wachache wakapata shida ya kumeza au kupumua. Sababu yake haijathibitishwa. Mtu akipatwa na hilo akiwa peke yake msituni au bafuni, hofu yake iwaze mwenyewe.

Ule mwekundu wenye madoa, Amanita muscaria, hauna psilosibini hata chembe. Una asidi ya iboteniki, inayochokoza ubongo, na muskimoli, inayoulaza kwa kushika mfumo wa GABA, unaoutuliza ubongo, ule uleule unaoguswa na dawa nyingi za usingizi. Ukikaushwa, sehemu ya asidi hiyo hugeuka muskimoli, kwa hiyo mkavu na mbichi hata wenyewe kwa wenyewe hawafanani. Matokeo yake ni kizunguzungu, kutapika, kuchanganyikiwa, misuli kurukaruka, usingizi mzito unaokatika na kurudi, na kwa wengine kuzirai. Anayetarajia kukutana na mama yake humo anaweza kuamka sakafuni asikumbuke kitu. Kama ni habari ya ukoo, ndugu wa karibu wa huo mwekundu ni yule Amanita phalloides niliyemtaja, wala si uyoga wa mumeo wa mwanzo. Na asidhani vya dukani ndiyo nafuu. Mwaka 2024 nchini Marekani, chokoleti zilizouzwa kama za "uyoga" ziliwafanya watu zaidi ya 100 waugue, na wachunguzi walipozipima walikuta muskimoli, kemikali jamaa ya psilosini, na hata pregabalini, dawa ya hospitali ambayo haikuandikwa popote kwenye karatasi yake.

Nimekaa sana kwenye kemia, univumilie. Nimefanya hivyo kwa sababu mumeo anakuletea hoja za kisomi na nataka uwe na za kwako. Tuje kwako sasa.

Sertralini. Ni kweli dawa za kundi hilo mara nyingi hufifisha athari za psilosibini, na hapo kuna mtego wa kwanza: mtu anaona hakuna kinachotokea, anaongeza, anaongeza tena. Mtego wa pili ni huo wa kuiacha ghafla. Wengi hupata kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira za haraka, na mitetemo kichwani kama shoti ya umeme. Sonona nayo inaweza kurudi ikiwa na deni. Wewe uliianza dawa hii baada ya kujifungua, kwa hiyo unakumbuka ulikotoka. Daktari aliyekuandikia ndiye wa kuzungumza naye habari ya kuipunguza, tena kwa sababu zako mwenyewe na kwa muda wake. Kwa faida ya wasomaji wengine: wanaotumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopandapanda na kushuka, wako kwenye hatari kubwa zaidi, maana watu wameripoti kupata degedege wakichanganya na uyoga huu, na tramadoli, dawa ya maumivu, nayo si ya kuchezewa.

Kuhusu kaka yako. "Wewe si kaka yako" ni kweli, na haijibu kitu. Mumeo amekutajia vyuo vikuu? Kama hajakutajia atakutajia, nami nakubali utafiti upo. Chuo cha Johns Hopkins kilitoa kazi yake maarufu mwaka 2006. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 233 ambao sonona yao ilikuwa imekataa dawa, na waliopewa kipimo kimoja kikubwa cha psilosibini walipata nafuu zaidi baada ya wiki tatu kuliko waliopewa kidogo sana, ingawa baadaye nafuu hiyo ilipungua kwa wengi. Australia iliruhusu madaktari wa akili waliosajiliwa kuitumia kuanzia Julai 2023. Sasa muulize mumeo akaangalie nani huachwa nje ya majaribio hayo. Kwa kawaida huachwa wenye historia ya kusikia sauti, au walio na mzazi au ndugu wa damu aliyewahi. Watafiti wanaoamini dawa hii kuliko yeye ndio hao wanaokataa kuwapa watu wa aina yako. Na dawa wanayotoa ni kemikali iliyopimwa kwa miligramu, mgonjwa ameandaliwa mapema, na wataalamu wamekaa naye chumbani mpaka inaisha. Hata Wamazateki, wenyeji wa Oaxaca kule Meksiko, hawakuula kiholela. Uliliwa usiku, mbele ya mganga kama María Sabina, mtu akiwa na shida anayoitafutia dawa.

Hapo nataka nikuulize jambo. Una hakika ni uyoga uliomponya? Sisemi haukuhusika. Inawezekana ulilegeza kufuli. Lakini aliyesimama jikoni akakwambia habari ya ile simu alikuwa yeye, akiwa na akili zake timamu, na aliyesikiliza ulikuwa wewe. Kama dawa ilikuwa kusema na kusikilizwa, hiyo mnaweza kuendelea nayo bila kuokota kitu. Nina wasiwasi kidogo pia na hili la kutaka wenye nguvu zaidi. Mwili huuzoea uyoga huu haraka, hilo ni la kawaida. Ila mtu anapoongeza, najiuliza kama bado anamlilia mama yake au ameanza kumkimbia kwa njia nyingine. Sijui. Yeye labda anajua, na pengine hajaulizwa.

Na wivu wako usiuonee haya. Ulimbembeleza miaka akakataa, halafu rafiki akaja na mfuko wa uyoga akafunguka. Nani asingeumia? Lakini umeandika kana kwamba lazima kimojawapo kiwe cha uongo, hofu au wivu. Vyote viwili vinaweza kuwa vya kweli, na hofu yako ina sababu zinazosimama hata wivu ukiondoka kesho.

Njia nazoziona ni kadhaa, hakuna isiyo na gharama. Unaweza kumwambia hutakula, na ukasema hivyo bila kujificha nyuma ya dawa wala kaka. Ukitumia dawa kama kisingizio, siku ukimaliza dozi ataleta tena. Unaweza kuumia kwa kuona uso wake unafifia, na huenda akarudi kimya kwa siku kadhaa. Hilo ulipime. Unaweza kukubali kukaa naye siku hiyo wewe ukiwa mzima, kwa ule aina aliouzoea tu. Wapo wake wanaochagua hivyo wapate amani ya moyo. Ila fahamu unachojitwisha: saa sita za kumchunga mtu mzima anayeweza kushikwa na hofu kali, na uamuzi wa kupiga simu ya dharura ukiwa peke yako, katika nchi ambayo pengine kitu chenyewe ni kosa la jinai. Psilosibini iko kwenye orodha kali zaidi ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971, na nchi nyingi zimeifuata. Mwenye watoto hulitazama hilo kwa jicho jingine. Au unaweza kumwambia kwamba siku hiyo utakuwa kwa bibi pamoja na watoto, na kumbukumbu ya ndoa mtaifanya siku nyingine. Kuna na hii: kumuuliza kama sasa yuko tayari kwa yule mshauri aliyemkataa zamani, maana aliyemkataa alikuwa mtu aliyenyamaza, na huyu wa sasa anaongea.

Ukipata nafasi ya kuzungumza naye, nisingeanzia kwenye sumu wala sheria. Ningemwuliza ni nini hasa anataka nikione. Huenda akasema anataka uone jinsi anavyokupenda, au aone kama umemsamehe kweli. Huenda kuna jambo jingine la mama yake ambalo bado hajalisema. Likijulikana, mtaona wenyewe kama lazima lipitie kwenye chupa ile.

Na daktari wako, je, anajua habari ya kaka yako? Akina mama wengi waliopewa dawa baada ya kujifungua hawakuulizwa, nao hawakusema. Mwambie safari ijayo. Anaihitaji taarifa hiyo hata kama uyoga usingekuwepo.